Kikombe chenye Masikio Matatu

Kitsa hakuwahi kuamini kitu kilichofungwa vizuri. Katoni ikimfikia imechanika pembe, imelowa mvua ya njiani na kuandikwa kwa mkono, moyo wake ulitulia. Ukimletea iliyo safi, yenye plastiki ya kung'aa na herufi za rangi ya fedha, alikunja uso kana kwamba amenusa mafuta yaliyochacha. Alikuwa na sababu zake. Mwaka wa kumi na mbili sasa aliuza vipuri vya pikipiki mjini Butembo, na roulement zake, zile pete za chuma zinazozungusha gurudumu, zilikuwa za Kijapani kwa nje tu. Za ndani zilitoka mahali pengine, kwa bei nyingine.

Katoni za Kijapani zilikuja tupu, zimelazwa bapa ndani ya magunia, na aliyezisimamisha ni mkewe, Jokébed. Alikaa nyuma ya meza ya duka, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kreti ya soda, akipaka gundi kwa njiti ya kiberiti. Mjini hapo hakuwa na mpinzani. Alivuta mstari mwembamba, akaufuata kwa kidole gumba, kisha pembeni akaacha nukta moja ya gundi ili kifuniko kisiinuke jua likiwaka. Plastiki aliiziba kwa wembe na mshumaa. Jumapili alikuwa shemasi, na kazi hizo mbili hakuzikutanisha. Kitsa naye alifunga katoni zake mara mojamoja, kwa kuiga, na mkewe alizitambua kila mara na kumcheka.

Nyonga ya kushoto ya Jokébed ilivunjika katika ajali ya barabara ya Alimbongo, ikaungwa vibaya, na tangu hapo mfupa ukawa unaliwa kidogo kidogo. Mwaka huu ulikuwa umefika pabaya. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini, na Kitsa ndiye aliyembeba kwenda na kurudi, majirani wakijitia kutazama ukuta. Kanisani walimwekea kiti cha plastiki karibu na mlango. Siku ya meza ya Bwana mashemasi wenzake walipita na mkate, yeye akaletewa kama mgeni, na siku hiyo alirudi nyumbani akalia mpaka binti yao Hadassa akaogopa.

Daktari Valère, mtu wa Kasaï aliyepangiwa kazi katika hospitali moja ya kanisa kule Beni, ndiye aliyesema kwamba bado kuna njia. Vikombe vya nyonga vya kawaida, vile vya chuma vinavyobeba kichwa cha mfupa wa paja, visingeshika kwa Jokébed, kwa sababu mfupa wa kushikia haukuwepo. Basi angepigwa picha za skana, picha zingetumwa kwa mtandao ng'ambo, na huko wangemtengenezea kikombe cha kipimo chake mwenyewe. "Banachapa chuma," alisema daktari, "couche kwa couche," yaani tabaka juu ya tabaka. Kitsa alitikisa kichwa kwa adabu. Chuma kinayeyushwa, chuma kinafuliwa. Kuchapwa, alijua zinachapwa noti za bandia tu. Hata hivyo shamba la Alimbongo liliuzwa, kanisa likachanga, na dola elfu tano zikaenda.

Miezi mitatu ikapita. Alhamisi moja Lévi, mdogo wake Jokébed, aliyekuwa akishughulikia makaratasi ya forodha pale Kasindi, aliingia dukani amekumbatia sanduku jeupe la ukubwa wa sanduku la viatu.

"Yaya, njo hii," akamwambia dada yake. "Ilitoka Kampala, ikapita Kasindi, hapana ata mutu moja aliifungula."

Kitsa alilipokea yeye. Akalipima mkononi, akalipima tena.

"Ata mutu moja?"

"Ata moja, beau-frère," akajibu shemeji yake.

"Kasindi hii hii? Pale banafungulaka mpaka valise ya nguo ya pasta?"

"Nilibaonyesha barua ya docta. Balinihurumia."

"Banahurumiaka sasa, ba douane." Kitsa akawacheka kimoyomoyo hao watu wa forodha, akaliweka sanduku mezani. "Iko mwepesi sana, Lévi. Ndani muko chuma ya kubeba mutu muzima, na inashindwa uzito na boîte ya maziwa?"

"Mi hapana docta. Nilibeba ile balinipa."

"Papa Hadassa, wacha mutoto ya mama yangu," Jokébed akasema. "Nipe."

Akalipakata. Pembeni palibandikwa karatasi yenye jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na neno moja la Kifaransa la kusema kwamba ni la upande wa kushoto. Alilisoma jina mara tatu, akilifuata kwa kidole. Vitu vya ng'ambo alivishika maisha yake yote, vikombe, vitenge, betri, na hakuna kimoja kilichotengenezwa kwa ajili yake. Machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya wateja. "Wasingya, Lévi," akashukuru kwa Kinande, na tena, "wasingya."

Sasa, katika mji huu mzigo hufunguliwa mbele ya aliyeuleta. Huo ndio utaratibu wa kila mfanyabiashara, mkubwa kwa mdogo: kata kamba, hesabu, jaribu, ndipo uweke sahihi. Kitsa alikuwa amekwisha kushika wembe. Lakini utakataje sanduku mikononi mwa mwanamke anayelia? Akaurudisha wembe mfukoni, na Lévi akaenda zake.

Wembe ule ukamkereketa mfukoni siku tatu. Ijumaa alikumbuka kwamba Lévi ana simu mpya. Jumamosi alikumbuka kwamba daktari hakuwahi kuonyesha kiwanda hicho hata kwa picha. Kila mara alipotazama juu ya kabati, pale sanduku lilipofunikwa kitambaa cheupe, aliona kazi safi mno, pembe zilizonyooka mno. Yeye mwenyewe amewauzia watu wa Beni na Mbau pembe kama hizo. Mwizi wa katoni akiona katoni, ataona nini kingine? Akamwona shemeji yake akicheka Kasindi, daktari akicheka Beni, na mkewe amelazwa chini ya taa kubwa akitiwa kipande cha sufuria nyongani.

Jumapili akasema ana malaria. Wakaja vijana wa kwaya wakambeba Jokébed kwa kiti, Hadassa akafuata na biblia, na nyumba ikabaki kimya. Kitsa akasubiri mpaka aliposikia ngoma za kanisa. Kisha akalishusha sanduku, akaliweka mezani penye mwanga, akapenyeza wembe chini ya kifuniko kama mtu aliyefanya hivyo mara elfu moja.

Ndani mlikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko, mfuko mwingine. Akaukata wa kwanza, akaukata wa pili.

Kikombe kilianguka kiganjani mwake. Kilikuwa na masikio matatu, moja pana, mawili membamba, yote yamejipinda kwa namna isiyofanana na chochote alichowahi kuuza, na kila sikio lilikuwa na matundu ya skrubu. Ndani kilikuwa laini. Nje kilikwaruza, vitundu vitundu, kama jiwe la kusugulia kisigino. Kitsa alizijua kazi za namna hiyo: chuma kilichomwagwa vibaya, kikaingia hewa.

Akaenda kuchukua sumaku. Ilikuwa sumaku nzito aliyoitoa kwenye redio mbovu, na ndiyo hakimu wa duka lake. Chuma cha kweli kiliing'ang'ania, cha uongo kilidondoka. Akaigusisha kwenye sikio pana. Ikateleza. Akaigusisha ndani, nje, kwenye kila tundu. Ikateleza kana kwamba amegusisha mti.

Nitasema ukweli, alifurahi. Kwa dakika moja nzima Kitsa alikuwa mtu mwenye furaha, kwa sababu alikuwa amejua, na wote waliomwambia aache walikuwa wajinga. Akatwaa tupa, akashika kikombe kwa mkono wake wenye mafuta ya cheni, akapiga sikio mara tatu. Vumbi la kijivu likaanguka juu ya kitambaa cheupe.

"Aluminium," akasema peke yake. "Aluminium ya sufuria."

*

Alimkuta Lévi uani kwake amekaa na bakuli la maharage, kwa kuwa Lévi alisali ibada ya mapema. Hakumsalimia.

"Nionyeshe simu yako."

"Beau-frère, karibu kwanza, kaa."

"Ile simu ni ya pesa ya nani? Chuma ya dada yako sumaku inakatala! Mulimutumia aluminium, we na docta yako!"

Lévi akaweka bakuli chini polepole. Alikuwa kijana mpole, lakini alisimama.

"Simu ni ya deni, kila mutu anajua. Unaniita mwizi mu nyumba yangu? Basi tumuulize mwenyewe." Akabonyeza, akaweka sauti ya wazi, na simu ikalia katikati yao juu ya benchi.

"Allô, Lévi? Mama anaendelea?"

"Docta, niko na beau-frère. Anasema chuma hapana ya kweli. Eti sumaku haiikamate."

Upande wa pili kukasikika kicheko, kicheko cha mtu mwema aliyechoka.

"Papa Kitsa, écoute, furahi! Ni titane, chuma ya namna ingine. Titane iko mwepesi, na sumaku haiijue. Kama sumaku ingeshika, ningewarudishia. Na muko matundu mingi kule inje, makusudi, mufupa ya mama itaingia mule, itaota kama mizizi. Mais, ulijuaje habari ya sumaku? Hamukufungula carton?"

Lévi akamtazama Kitsa. Kitsa akatazama maharage.

"Hapana, docta. Niliweka sumaku inje. Juu ya carton."

"Ah, bon. Kwa sababu ile plastiki ikipasuka, kazi imekwisha. Balisafisha kule na mashine, hapa Beni hatuna. Uchafu ikiingia mu ile matundu haitoke, na mama ataoza ndani. Tutamupasula mercredi, Jumatano saa mbili, donc muje mardi."

Simu ikakatika. Lévi alisubiri neno la msamaha, na lingemtosha moja tu. Kitsa alikuwa amekwisha kutoka, anakimbia barabarani, mtu wa makamo mwenye malaria.

Alikuwa na saa moja kabla ya ibada kwisha. Alifuta kikombe kwa shati safi, akapuliza vumbi, akakirudisha katika mifuko yake. Akawasha mshumaa, akaunganisha plastiki kwa wembe wa moto kama alivyomwona mkewe akifanya. Akatafuta njiti ya kiberiti. Mstari mwembamba, kidole gumba, na pembeni, bila hata kuwaza, nukta moja.

Kazi ikatoka vizuri kabisa. Aliitazama, na kwa mara ya kwanza maishani sanduku lililofungwa vizuri likamtia baridi ya mgongo. Akajiambia hospitali huchemsha kila kitu. Akajiambia tupa iligusa kidogo tu, kama kucha. Aliporudi Jokébed alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akamwambia ana jasho, alale.

*

Jumanne wakakodi gari hadi Beni. Jokébed hakukubali sanduku liwekwe nyuma. Alilipakata njia nzima, na gari liliporuka shimo aliliinua kwanza ndipo aume meno kwa maumivu yake. Kwenye kizuizi kimoja askari aliingiza kichwa dirishani.

"Mama, eloko nini, kitu gani? Fungula."

"Hapana, mwanangu. Docta alisema mutu asifungule."

"Muko nini ndani?"

"Mufupa yangu," akasema Jokébed.

Askari akasoma jina, akamtazama mguu, akamtazama usoni. Akarudi nyuma hatua moja na kuwainulia kamba. Jokébed alicheka kilomita mbili nzima. "Umeona, Papa Hadassa? Ata basoda banaelewa." Kitsa alisema kweli, wanaelewa, na akafungua kioo apate hewa.

Usiku Kitsa hakulala. Asubuhi walimvisha Jokébed kanzu ya kijani, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu karibu na mlango wa chumba cha upasuaji, penye dirisha. Alikuwa amesuka nywele, na béquilles zake, magongo aliyotembelea kabla nyonga haijamshinda, alitaka ziegemezwe ukutani karibu naye. Alimwambia mumewe mambo aliyoyatunza muda mrefu: kwamba akipona ataanza na choo, ataenda peke yake, hatua thelathini, na mtu asimfuate. Kwamba siku ya meza ya Bwana atapita na mkate mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Kitsa alimshika mkono. Kila mara alipotaka kuanza kusema, Jokébed alianza jambo jingine zuri.

Daktari Valère akaja na sanduku, amevaa kofia ya kitambaa.

"Bon, mama. Hapa tuko na kawaida. Mugonjwa anasoma jina yake mwenyewe, anahakikisha, njo tunaingia. Likambo te, hapana neno." Akamkabidhi.

Jokébed akasoma jina, tarehe, upande. "Ni miye," akasema. Na kwa kuwa lilikuwa sanduku, na mikono yake ilikuwa ile ile ya miaka kumi na miwili, kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye ukingo wa kifuniko. Kikapita polepole. Kikafika pembeni, kikasimama juu ya nukta ya gundi.

Kitsa alikiona kidole kikisimama.

Jokébed hakupaza sauti. Alirudia ukingo mara moja zaidi, kama mtu anayesoma tena barua aliyoielewa. Akainua macho, si kwa mumewe, kwa daktari.

"Docta, nauliza tu. Kama mutu aliifungula hii na mikono ya mafuta, halafu akaifunga, mi ningekuwa je?"

"Ah, mama, mbona maneno ya vile asubuhi? Ungeoza. Kwanza mufupa, nyuma damu. Ningeweza kukata mguu nikachelewa. Mais haikufunguliwa, angalia, iko impeccable."

"Iko muzuri, kweli," Jokébed akasema. "Iko muzuri sana."

Ndipo akamgeukia Kitsa. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo alilolikumbuka baadaye. Alimtazama kama mteja anavyomtazama muuzaji, akisubiri aambiwe ukweli wa kitu anachonunua. Akamnyoshea sanduku kwa mikono miwili.

"Papa Hadassa. Umupe docta weye mwenyewe. Ukimupa, mi nitaingia."

Lilikuwa jepesi kama siku ile ya kwanza. Kitsa alilipokea. Kati yake na daktari palikuwa na hatua moja. Alijua angeingia kweli, maana Jokébed hakuwa mtu wa kusema neno akaliacha chini. Alijua pia kwamba shamba limekwenda, kwamba kanisa halitachanga mara ya pili, kwamba Lévi atasikia, na Butembo nzima nyuma ya Lévi. Akayajua yote hayo kwa mpigo.

"Docta," akasema, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine. "Ni miye niliifungula. Ku dimanche. Nilipiga tupa."

Daktari hakuelewa mara moja. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alielewa kwanza, akaweka mkono mdomoni. Kisha Valère akalichukua sanduku, akavua kofia, na akalifungua pale pale dirishani, kwa mikono mitupu, bila glavu, kwa maana sasa haikudhuru kitu. Kitsa alipomwona anavipasua vile viplastiki kwa vidole ndipo alipolia.

"Titane," daktari akasema, akigeuza sikio lililokwaruzwa kwenye mwanga. Vitundu vya upande mmoja vilikuwa vimejaa weusi wa mafuta ya cheni. "Ya kweli kabisa, papa. Hapana kosa ata moja. Balikupa ile ulilipia."

"Balete ingine," Kitsa akasema. "Picha munayo. Nitauza duka, docta. Nitauza yote."

"Picha ni za mwezi ya tatu. Mufupa haikungoje. Itabidi tupige ingine, na sijui kama kutabaki mahali pa kushikia." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali aseme kwa ukali.

Jokébed alinyosha mkono. "Nipe nione, docta."

Akampa. Alikigeuza kikombe, akapitisha kidole kwenye masikio yake matatu, moja moja, akalifikia lenye alama za tupa, akaliacha. Kisha akakiweka juu ya kanzu ya kijani, pale pale kwenye nyonga ya kushoto, akakikandamiza kidogo kwa kiganja kama mama anayempimia mtoto nguo.

"Inanitosha?"

"Weye peke yako, mama," daktari akasema. "Mu dunia yote, weye peke yako."

Jokébed akaitikia kwa kichwa. Akakiweka kikombe kando. Halafu akajiinua kwa viwiko, akashusha mguu mzima kwanza, na Kitsa alipoinama ambebe kama kawaida yao, alimzuia kwa kiganja kifuani.

"Hapana," akasema. "Nipe béquilles yangu."